"Ana Nini Huyu?": Jinsi Kitabu cha Picha Kinavyomfundisha Mtoto Hisia

Picha imechukua kurasa mbili. Upande wa kulia watoto wawili wamechuchumaa, vichwa vimekaribiana, wanajenga nyumba ya mchanga. Upande wa kushoto, karibu kabisa na ukingo wa karatasi, amesimama mtoto wa tatu mwenye shati jekundu. Mikono kaificha nyuma, kidole gumba cha mguu kinachimba chini. Maandishi ni mstari mmoja tu: "Siku hiyo hakucheza."

Nilikuwa namsomea mtoto wa miaka minne. Nikamwuliza, "Kwa nini hakucheza?" Akaitazama picha, akajibu bila kusita: "Mguu unamuuma."

Zamani, nilipoanza kufundisha watoto wadogo, ningemsahihisha papo hapo: hapana, ana huzuni kwa sababu wenzake hawakumkaribisha. Ningekuwa nimeimaliza kazi kwa sekunde tatu, na mtoto asingekuwa amefanya kazi yoyote. Safari hii niliuliza tu, "Umejuaje?" Akanionyesha kile kidole kinachochimba. Kumbe alikuwa ameona kitu ambacho mimi, mtu mzima ninayekimbilia maandishi, nilikuwa nimekipita. Tukakitazama kidole pamoja. Kisha macho yake yakahama taratibu kutoka mguuni hadi usoni, kutoka usoni hadi kwa wale wawili. "Anawaangalia wale," akasema. Akanyamaza kidogo. "Na yeye anataka."

Wazazi na walimu wa chekechea wanaponiuliza kuhusu vitabu vya picha na hisia, swali huwa ni lilelile: tununue kitabu gani? Ni swali la haki, nami nitaligusa. Lakini linachukulia kwamba funzo limo ndani ya kitabu kama dawa ilivyo ndani ya chupa, ukimnywesha mtoto basi amepona. Ukifuatilia kilichochunguzwa kwa miaka arobaini hivi iliyopita, unaona kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwenye zile sekunde ambazo hakuna anayesoma.

Ukurasa hauondoki

Mtoto mdogo akikasirika, hasira humjaa mwili mzima, kuanzia ngumi hadi vidole vya miguu. Hawezi kuwa ndani ya hasira na papo hapo asimame pembeni kuitazama. Hata sisi wakubwa inatushinda, na yeye sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kujizuia na kufikiri kabla ya kutenda, itaendelea kukomaa mpaka avuke miaka ishirini. Kwa hiyo ugomvi wenyewe, wakati unawaka, ni darasa baya sana.

Nyuso za watu halisi nazo hazitulii. Mwenzake akinuna, uso ule unaonekana kidogo tu, kisha umegeuzwa, umefichwa kwenye mkono, au umeshaanza kucheka tena. Picha inasubiri. Uso ulionuna ukurasa wa sita utanuna vilevile kesho na keshokutwa. Mtoto anaweza kuugusa, kuuiga, kuuacha akaurudia. Na anaweza kufungua ukurasa wa nyuma aone kilichotangulia. Hilo la mwisho nalithamini kuliko yote, maana jambo gumu kwa mtoto si kutambua kwamba mtu analia bali kuunganisha kilio na chanzo chake. Maisha huvitenganisha viwili hivyo: mtoto alipokonywa asubuhi, amelia mchana kwa kitu kingine kabisa. Kitabu huviweka jirani, karatasi moja katikati.

Kuna jambo jingine ambalo kitabu cha picha hulifanya kwa werevu. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner waliwapa watoto kisa kifupi: mvulana anaweka chokoleti kabatini, anatoka kwenda kucheza, na huku nyuma mama anaihamishia kabati jingine. Mvulana akirudi ataitafuta wapi? Mtu mzima hata hafikirii. Lakini watoto wengi wa miaka mitatu hujibu kwamba ataitafuta pale ilipo sasa, kwa sababu wao wanajua iko pale. Kati ya miaka minne na mitano wengi huvuka kizingiti hicho. Wanatambua kwamba kichwani mwa mwenzao kuna habari tofauti na zilizo vichwani mwao.

Sasa fikiria vile vitabu ambavyo paka amejibanza nyuma ya mlango, msomaji anamwona, mhusika hamwoni. Watoto hupiga kelele: "Yuko hapo! Nyuma yako!" Ile kelele si fujo. Mtoto anashika mambo mawili kwa pamoja, ninachokijua mimi na asichokijua yule, na kuyashika ndiyo kazi inayohitajika baadaye kutambua kwamba mwenzangu hakunikanyaga kusudi, au kwamba analia kwa sababu anadhani mama yake hatarudi.

Hisia haziji zote kwa pamoja

Watu wazima wengi hudhani mtoto anayeuita uso wa hofu "amekasirika" hajui kuangalia. Uchunguzi wa Sherri Widen na James Russell kuhusu majina ambayo watoto huzipa hisia unaonyesha kitu kingine. Mtoto huanza na mafungu mawili mapana: vizuri na vibaya. Fungu la vizuri ni furaha. Fungu la vibaya kwa muda mrefu ni gunia moja, ambamo hasira na huzuni hutengana mapema. Hofu na mshangao hufuata, na kinyaa huchelewa sana. Kila gunia linapogawanyika mtoto anahitaji sababu ya kuligawa, na sababu hiyo haimo usoni bali kwenye tukio. Watafiti hao waligundua pia kwamba kwa hisia kama hofu na kinyaa, kisa kifupi kuhusu kilichotokea huwasaidia watoto kuitaja hisia kuliko kuonyeshwa uso peke yake.

Hapa niseme wazi kwamba sina mapenzi makubwa na zile chati za nyuso za duara zinazobandikwa ukutani: uso wa furaha, wa huzuni, wa hasira, safu kwa safu. Hazina madhara. Ila uso usio na tukio ni nusu ya habari, tena nusu iliyo ngumu zaidi. Mtoto anajifunza kuoanisha jina na umbo la mdomo, kisha anakutana na mtoto halisi aliyeogopa ambaye mdomo wake hauna umbo hilo.

Francisco Pons na Paul Harris, waliotengeneza kipimo kinachotumika sana cha uelewa wa hisia, wanaeleza safari yenye vituo vitatu. Hadi kufikia miaka mitano hivi watoto huelewa yanayoonekana: uso, tukio lililosababisha, kitu kinachokumbusha. Karibu na miaka saba huja yale ya ndani: kwamba watu wawili wanaweza kupokea jambo moja tofauti kwa kuwa kila mmoja alitaka au aliamini kingine, na kwamba uso unaweza kuficha moyo. Hisia mbili zinazogongana ndani ya mtu mmoja, furaha na huzuni kwa wakati uleule, huchelewa zaidi, hadi miaka tisa hivi. Basi kitabu kinachomtaka mtoto wa miaka mitatu aelewe dada aliyecheka huku moyoni akilia kinapendeza kwa anayekinunua tu. Si lazima ukifiche. Usishangae tu mtoto akikuambia, "Amefurahi, si anacheka?"

Nani afanye kazi?

Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani waliwagawa wazazi wa watoto wa kama miaka miwili mpaka mitatu katika makundi mawili. Wote walisoma vitabu vya picha nyumbani kwa mwezi mmoja, na kwa kiasi kinacholingana. Kundi moja lilisoma kama kawaida. La pili lilifundishwa kubadilisha zamu: kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana, kulipokea jibu la mtoto na kulirefusha kidogo, kumwachia mtoto awe msimulizi. Mwezi ulipokwisha, watoto wa kundi la pili walikuwa wamewaacha wenzao katika kujieleza. Huo ulikuwa utafiti wa lugha, haukuwa wa hisia. Lakini ulibadilisha picha ya usomaji: mtu mzima asomaye na mtoto asikilizaye ikawa si mfano bora tena.

Celia Brownell na wenzake walipeleka wazo karibu na hisia katika utafiti wao wa mwaka 2013. Waliwatazama wazazi wakisoma na watoto wa kati ya miezi 18 na 30, kisha wakawapa watoto hao nafasi ya kumsaidia mtu mzima na kugawana naye vitu. Watoto waliosaidia na kugawana kwa wepesi ni wale ambao wazazi wao huwauliza: huyu ana nini? kwa nini? Cha kuangalia hapa ni kwamba haikutosha mzazi mwenyewe kuzungumza sana kuhusu hisia. Tofauti ilikuwa pale alipomvuta mtoto aseme. Ni uhusiano, si ushahidi kwamba maswali ndiyo yaliyozaa wema. Huenda mtoto mwenye moyo huo huvutia maswali hayo. Hata hivyo matokeo ya watafiti wa Italia, Veronica Ornaghi na Ilaria Grazzani miongoni mwao, yanaelekea upande huohuo. Watoto wote husomewa hadithi zilezile. Baadaye kundi moja hukaa kuzungumza juu ya hisia zilizomo, jingine huachwa licheze. Uelewa wa hisia hupanda zaidi kwa waliozungumza. Hadithi ilikuwa moja.

Utafiti unaonifurahisha kuliko yote ni wa Joan Peskin na Janet Astington, Kanada, mwaka 2004. Walichukua vitabu vya picha wakavitia maneno mengi ya akilini: alidhani, alijua, alikumbuka, alishangaa. Kundi jingine la watoto lilipewa vitabu hivyohivyo bila maneno hayo, hali ya wahusika ikibaki kwenye picha na matukio. Ungetegemea waliotiliwa maneno washinde. Kweli, walianza kuyatumia maneno hayo mara nyingi zaidi, lakini uelewa wao haukuongezeka kwa sababu hiyo. Katika kueleza kwa nini mtu anaamini jambo lisilo kweli, waliosonga mbele zaidi ni wale ambao hawakutafuniwa. Walilazimika kuijaza nafasi wenyewe.

Ndiyo maana ule mstari "Siku hiyo hakucheza" ni bora kuliko "Siku hiyo alihuzunika kwa sababu alijiona mpweke." Wa kwanza umeacha pengo kati ya maneno na picha, na mtoto anaingia humo. Basi jibu langu kwa swali la kitabu gani ni hili: fungua katikati, soma ukurasa mmoja bila kutazama picha. Kama umeelewa kila kitu, kirudishe.

Namna ya kuuliza

Swali linalopendwa darasani ni "Anajisikiaje?" Nimelitumia miaka mingi, na mara nyingi jibu ni "vizuri" au "vibaya", mlango umefungwa. Ni swali la mtihani, na mtoto analijua. "Ana nini huyu?" ndilo swali ambalo mtoto husikia watu wakiulizana pale mtu anapoonekana hayuko sawa, na linakaribisha jibu lolote: ana usingizi, amepigwa, anataka mama. Baada yake, "Umejuaje?" humrudisha kwenye picha. Hayo mawili yananitosha kwa kurasa nyingi. Usomaji wa kwanza siulizi kitu. Hadithi kwanza iwe hadithi. Na nikishauliza nanyamaza hadi ukimya uanze kunikera mimi, kwa kuwa mtoto wa miaka minne anahitaji muda mrefu kuliko ninaotamani kumpa.

Akitoa jibu, nalirefusha kidogo. Akisema "amekasirika", namwambia, "Amekasirika, amesusa kabisa, hata mpira hautaki." Neno jipya limeingia bila somo la msamiati. Kiswahili kimetupa hazina hapa, nasi huishia kumpa mtoto furaha, huzuni na hasira. Kununa ni jambo la uso. Kususa ni kukikataa kile ulichokuwa unakitaka ili wengine waone. Wivu na gere, haya na aibu, uchungu na huzuni: maneno hayo hayalingani, na mtoto anayeweza kusema "naona gere" amekuambia mengi kuliko anayesema "sijisikii vizuri". Tazama hata sarufi: tunaona haya, tunasikia uchungu, tuna hofu. Watoto huzichanganya, na ni sawa wazichanganye. Mimi humwambia mtoto "una hasira" kuliko "wewe ni mkali". Kitu ulicho nacho unaweza kukitua.

Mwili nao ni lugha kabla ya majina. Moyo unakwenda mbio, donge limekaba kooni, mikono inatetemeka. Kabla ya kumwuliza mtoto mhusika ana hisia gani, mwambie asimame vile alivyosimama. Yule wa shati jekundu, mikono nyuma, kidole chini. Wengi hulitaja jibu wakiwa bado wamesimama hivyo.

Dubu mwenye suruali na mahubiri ya mwisho

Mwaka 2017 Nicole Larsen, Kang Lee na Patricia Ganea walichapisha utafiti uliowashtua waandishi wa vitabu. Watoto wa miaka minne hadi sita walisomewa hadithi kuhusu kugawana. Kwa baadhi wahusika walikuwa watu, kwa wengine wanyama waliovaa nguo na kusema. Kisha wakapewa nafasi ya kumgawia mtoto mwingine stika zao. Waliosomewa hadithi ya watu waligawa zaidi kuliko mwanzo. Waliosomewa ya wanyama hawakuongeza. Yaelekea mtoto hajioni kirahisi ndani ya dubu mwenye suruali. Mimi sijawatupa wanyama. Kwa mambo mazito, giza, kifo, kuachwa peke yake, umbali huo ni hifadhi. Lakini ukitaka ajifunze namna ya kuomba kujiunga na mchezo, mpe watoto wanaocheza.

Na vipi kuhusu hadithi za kutisha, mwongo akaliwa? Kang Lee na wenzake walilipima hilo mwaka 2014 kwa watoto wa miaka mitatu hadi saba. Hadithi zilizoonyesha adhabu ya uongo hazikuwafanya wawe wakweli zaidi. Iliyofanya kazi ni ile ambamo mtoto alikiri kosa akasifiwa kwa kukiri. Walipoigeuza ili ukweli uishie vibaya, nguvu yake ikatoweka. Watoto walikuwa wanatafuta cha kufanya, si cha kuogopa. Kwa hiyo ule ukurasa wa mwisho wenye "funzo" mimi huuruka. Unamwambia mtoto kwamba mazungumzo yote yaliyotangulia yalikuwa mtego.

Naviogopa pia vitabu ambamo mhusika anavuta pumzi mara tatu na hasira imekwisha. Mtoto atajaribu, hasira itabaki, ataona kasoro ni yake.

Kati ya kujua na kutenda

Mtoto aliyekueleza vizuri kabisa kwa nini mwenye shati jekundu ana huzuni anaweza, dakika tano baadaye, kumpokonya mwenzake ndoo. Usimwite mnafiki. Craig Smith, Peter Blake na Paul Harris walionyesha mwaka 2013 kwamba hata watoto wa miaka mitatu husema kila mtu agawe sawa kwa sawa, kisha wakipewa stika hubakiza nyingi zaidi. Matendo huanza kuyafikia maneno karibu na miaka saba au minane. Tena walipoulizwa kabla, wadogo hao walitabiri wenyewe kwamba hawatagawa sawa. Wanalijua pengo lao kuliko tunavyodhani.

Pengo hilo hupunguzwa na mazoezi ya mdomo na mwili. Tunauigiza ukurasa. Mmoja ni shati jekundu, wawili ni wajenzi, na tunatafuta sentensi moja inayotamkika: "Naomba na mimi nijenge." Tunaitamka kwa sauti ya kulalamika, kwa sauti ya kuamuru, kwa sauti ya kawaida, na wajenzi wanasema ipi imewafanya wasogee. Tunafanya pia zamu ambayo wajenzi wanakataa, kwa sababu hutokea, na anayekataliwa lazima awe na pa kwenda.

Kitabu hakitolewi mtoto akiwa katikati ya kilio. Wakati huo anahitaji mtu wa kukaa naye. Na mhusika asigeuzwe fimbo: "Unamkumbuka yule wa kwenye kitabu? Ndivyo ulivyomfanyia mwenzako!" Ukisema hivyo mara mbili, kitabu hicho hakitaombwa tena. Kuna mtoto pia ambaye atafunga ukurasa fulani kwa nguvu, au atauruka kila siku. Mwache auruke. Ameshakuambia kitu, na anaweza kuwa na sababu ambayo hadithi haiijui.

Wengine watasema "Tena!" hadi uchoke. Mimi nilichoka na kitabu cha shati jekundu kabla ya yule mtoto wa miaka minne. Wiki kadhaa baada ya lile jibu la mguu unaouma tulifika kwenye picha ileile, na sikuuliza chochote. Safari hii hakumtazama aliyesimama pembeni. Aliweka kidole juu ya mmoja wa wajenzi, yule aliyegeuza mgongo.

"Huyu hajamwona," akasema.

Nikashika pembe ya karatasi nifunue. Akanizuia mkono.